Gari la Kwanza Liwe Lile Unaloweza Kulifungua

Ndugu wazazi, vijana, na mafundi mliokubali kuacha kazi zenu ili mje kunisikiliza: asanteni sana.

Nimeombwa nizungumzie jambo linaloleta ubishi katika familia nyingi. Kijana amepata leseni na ana akiba yake ndogo. Wazazi wanatarajia atafute gari dogo la kisasa, lenye mwendo wa upole na spea za kila duka. Yeye anakuja na picha ya gari la michezo la Uingereza, la viti viwili na turubai juu, lililotoka kiwandani kabla wazazi wake hawajakutana. MGB. Triumph Spitfire. MG Midget. Mama anashika kichwa, baba anauliza kama huyu mtoto ana akili timamu.

Niseme mapema niko upande gani. Niko upande wa kijana, ila kwa sharti zito: awe tayari kuwa fundi wa kwanza wa gari lake. Asiyetaka kulala chini ya gari, asiyetaka kunuka petroli, na aachane nalo leo hii, kwa sababu gari la namna hii mikononi mwa mtu asiyelijua ni gharama na hatari. Mikononi mwa anayetaka kulijua, sijaona shule ya ufundi inayolishinda.

Sababu yangu iko katika namna yalivyotengenezwa. Chukua Austin-Healey Sprite iliyoanza kutoka kiwanda cha Abingdon mwaka 1958. Injini yake na mfumo wa springi za mbele vilitokana na Austin A35, gari dogo la kawaida kabisa. Usukani wake ulitoka kwa Morris Minor. Spitfire ya 1962 ilisimama juu ya chesisi iliyotokana na Triumph Herald, gari la familia. MGB ya mwaka huohuo ilikuwa na injini ya cc 1798 ya ukoo uleule uliokuwa ukivuta magari ya abiria kama Morris Oxford. Yaani Waingereza walichukua vyuma vya gari la karani na la mwalimu, wakavivika bodi ndogo, nyepesi, iliyokaa karibu na barabara. Ndiyo maana kijana mwenye kazi wa zama zile aliweza kulinunua, na ndiyo maana mpaka leo linatengenezeka. Aliyelichora alijua kwamba litafunguliwa na fundi wa mtaani mwenye sanduku moja la spana.

Tena yalitengenezwa kwa wingi. Kuanzia 1962 hadi 1980 zilitoka MGB zaidi ya nusu milioni, nyingi zikipelekwa Marekani, na Spitfire zikapita laki tatu. Wingi huo umeacha soko la spea ambalo halijafa. Tangu 1988 kampuni ya Uingereza iitwayo British Motor Heritage wamekuwa wakitengeneza upya bodi nzima za MGB kwa kutumia vifaa vya awali vya kiwandani. Jaribu kutafuta bodi nzima mpya ya gari la kawaida lililoacha kutengenezwa miaka 20 iliyopita, halafu rudi uniambie nani ana shida ya spea.

Sasa tuje kwenye kununua, maana hapo ndipo vijana wengi wanapoumia.

Nunua bodi. Nitarudia: nunua bodi. Kijana anafika kwa muuzaji, rangi inang'aa, injini inanguruma, viti vimeshonwa upya, moyo wake umeshakwenda. Injini mbovu inafunguliwa na kutengenezwa, na spea zake zipo. Gia boksi vivyo hivyo. Lakini bodi iliyoliwa na kutu inameza fedha za gari lenyewe mara mbili, na kazi yake inahitaji mtu anayejua kuchomelea vizuri. MGB haina chesisi iliyotengana na bodi. Nguvu yake yote iko kwenye bodi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko kwenye mihimili inayopita chini ya milango. Mihimili hiyo ina tabaka tatu za bati: la ndani, la katikati na la nje. La nje ndilo unaloliona, na ndilo analolipaka rangi mtu anayetaka kukuuzia matatizo. Hayo mawili ya ndani yanaweza kuwa yamebaki unga, na gari bado linapendeza machoni.

Basi nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, isije ikachubua rangi. Ipitishe chini ya milango, nyuma ya magurudumu ya mbele, na kuzunguka magurudumu ya nyuma. Pale inapoacha kushika, umekutana na puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi. Angalia nafasi kati ya mlango na bodi: je, upana wake ni sawa kutoka juu hadi chini? Muombe muuzaji ainue upande mmoja kwa jeki, kisha ufungue na kufunga mlango wa upande huo. Mlango ukianza kugoma, gari linajikunja katikati, na hapo mshukuru uondoke. Inua zulia uone sakafu. Nyuma ya viti kuna mifuko ya betri, nayo hukusanya unyevu na tindikali; MGB za kabla ya 1974 kwisha zilibeba betri mbili za volti 6 humo, kila moja upande wake, na watu wengi hawakumbuki kuzitazama mpaka sakafu ya betri inapotoboka.

Spitfire ina chesisi yake, na hilo linawadanganya watu kuamini kwamba kutu ya bodi si kitu. Nayo mihimili ya chini ya milango inachangia uimara, ikague vilevile. Lakini Spitfire ina zawadi moja ambayo kwa mwanafunzi sijui niipime vipi: boneti yake pamoja na mabawa yote ya mbele hulala mbele kwa mkupuo. Unakaa juu ya tairi, injini iko mbele yako, mikono inafika kila mahali. Kijana anaona mkono wa usukani ukisukuma gurudumu, anaona springi, anaona pale bomba la breki linapopita. Gari la leo limefunikwa plastiki hata nati ya plagi huioni.

Kuhusu MGB zenye bampa nyeusi za mpira, za kuanzia mwishoni mwa 1974: wakusanyaji huzidharau. Ziliinuliwa ili zikubaliane na sheria za Marekani, na kwa sababu hiyo zikawa zinalala zaidi kwenye kona, ni kweli. Lakini kwa sababu hazina sifa, bei yake huwa nafuu kuliko zile za bampa ya kromu, na kijana anayejifunza hahitaji sifa. Anahitaji chuma kizima. Kati ya bampa ya kromu juu ya kutu na bampa ya mpira juu ya bodi nzima, chagua mpira bila kusita.

Tumepata gari. Limefika nyumbani, na siku moja asubuhi halitaki kuwaka. Hapa ndipo ninapotaka vijana wanisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa ndipo mtu anakuwa fundi au anakuwa mbadilisha spea.

Usiguse chochote kwanza. Washa swichi usikilize. MGB ina pampu ya petroli ya umeme iliyoko nyuma, nayo hutoa mlio wa tik-tik-tik. Ikilia mara kadhaa kisha ikanyamaza, imejaza vikombe vya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na kazi yake imekwisha. Ikilia bila kukoma, ama tangi ni tupu, ama kuna mahali inanyonya hewa, ama petroli inamwagika. Zima swichi haraka na ukague. Isipolia kabisa, umeme haufiki au pointi za ndani ya pampu zimechafuka. Kwa sikio tu, bila kushika spana, umeshajua nusu ya habari. Ukishajua petroli inafika, chomoa plagi, iguse kwenye chuma cha injini huku waya wake umevaliwa, mbali na mahali penye mvuke wa petroli, na mwenzako apige stata. Ukiona cheche ya buluu yenye nguvu, umeme wa plagi upo. Ukiona cheche dhaifu ya njano au usipoona kitu, nenda kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi.

Ndani ya distribyuta za zamani mna pointi, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyoachana na kukutana kila silinda inapohitaji cheche. Kwenye MGB nyingi nafasi kati yake ni milimita 0.35 hadi 0.40, na unaipima kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kile kipande kinachosuguana na shafti huisha polepole, nafasi inapungua, na taiming, yaani wakati cheche inapopiga, inachelewa bila wewe kujua. Gari linaanza kuwa zito mlimani, linakula petroli, linachemsha. Mwenye gari anasema, "Kabureta limeharibika." Analifungua, analivuruga, na sasa ana matatizo mawili.

Kwa hiyo shikeni utaratibu huu ambao mafundi wa zamani waliufuata kwa nidhamu: nafasi za valvu kwanza, kisha pointi, kisha taiming, kabureta mwisho kabisa. Kila hatua inategemea iliyotangulia. Ukibadilisha nafasi ya pointi umeshabadilisha taiming, kwa hiyo hakuna faida ya kupima taiming kabla ya pointi. Na badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kwenye daftari, ndipo uende kingine. Kijana anayebadilisha plagi, koili, pointi na waya kwa mchana mmoja, hata gari likiwaka, hajajifunza kilichokuwa kibovu, na siku likizima njiani hana pa kuanzia.

Na hilo kabureta mnaloliogopa, la aina ya SU, ni kifaa cha akili nyingi na vipande vichache. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka kufuata mvuto wa hewa ya injini. Chini ya pistoni imening'inia sindano nyembamba iliyochongwa ikizidi kuwa nyembamba kuelekea ncha, nayo imeingia kwenye tundu la petroli. Ukikanyaga mafuta, pistoni inapanda, sindano inapanda nayo, nafasi ndani ya tundu inapanuka, petroli zaidi inapita. Juu kuna oili kidogo inayozuia pistoni kuruka ghafla. Ikikauka, gari linasita unapokanyaga, na watu hutumia fedha nyingi kutafuta ugonjwa ambao dawa yake ni matone ya oili. Kwa kuwa MGB nyingi zina SU mbili, lazima zivute hewa sawasawa. Chukua kipande cha mpira wa bomba, weka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta la kwanza, kisha la pili, usikilize mvumo. Rekebisha mpaka ilingane. Mnaona? Sikio tena.

Umeme wa magari haya umesemwa vibaya sana, na mimi nautetea. Matatizo mengi yanatokana na athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Taa ya nyuma inapata umeme kwa waya, lakini umeme unarudi kwenye betri kupitia bodi yenyewe, na bodi hiyo ina miaka 50 ya kutu na rangi. Ukiwasha indiketa ukaona taa ndogo ya jirani inafifia kila inapomweka, usinunue taa. Fungua pale taa inaposhikana na bodi, sugua mpaka chuma king'ae, paka grisi, funga. Kisha jifunze rangi za waya, maana Waingereza walizifuata kwa uaminifu mkubwa. Nyeusi ni athi. Kahawia inatoka kwenye betri na haipiti fyuzi, iheshimu. Nyeupe ni umeme wa swichi. Kijani ni umeme wa swichi uliokwisha kupita fyuzi. Zambarau imepita fyuzi na ina umeme wakati wote. Nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa. Ukizishika hizo saba kichwani, mchoro wa waya unausoma kama barua kutoka nyumbani. Jambo moja tu la kuangalia kabla hujafunga redio au altaneta: MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilitoka kiwandani na upande chanya wa betri ukiwa ndio athi. Hakikisha lako likoje leo, kwa sababu wengi wamezigeuza. Ukikosea hapo, kifaa kipya kinaungua papo hapo.

Sasa niwageukie wazazi, maana najua swali lenu, na ni swali la haki: je, mwanangu atakuwa salama?

Sitawadanganya. Magari haya hayana mifuko ya hewa, breki zake hazina kompyuta ya kuzuia tairi kujifunga, na milango yake ni bati jembamba. Dereva wa lori anaweza asikuone kabisa, umekaa chini sana. Magari mengi ya awali yana mfumo mmoja tu wa breki za mguu: bomba likipasuka mahali popote, breki zote nne zimekwenda, inabaki hendibreki. Kwa hiyo kabla gari halijaenda popote, mipira yote ya breki ibadilishwe hata kama inaonekana mizima, kwa sababu huvimba kwa ndani. Mabomba ya chuma yakaguliwe kote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, basi yamwagwe na kuwekwa mapya, na yarudiwe kila baada ya miaka miwili. Mikanda ya viti iwe mipya na ifungwe kwenye chuma kizima. Tairi zisome umri: tarakimu nne za mwisho ubavuni zinataja wiki na mwaka zilipotengenezwa, mathalani 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalotembea kidogo huzeesha tairi zikiwa na meno yote, na tairi ngumu kama hiyo kwenye mvua haishiki.

Na kwa Spitfire lazima niseme hili wazi. Zile za kabla ya Mk IV, yaani toleo la nne, lililotoka mwishoni mwa 1970, zina ekseli za nyuma zinazobembea. Ukiingia kona kwa kasi halafu ukashtuka, ukaondoa mguu ghafla kwenye mafuta, sehemu ya nyuma inanyanyuka, gurudumu la nje linajikunja kuingia chini ya gari, na nyuma inatangulia. Dereva mzoefu analijua na anapunguza mwendo kabla ya kona. Dereva wa mwezi wa kwanza hana mguu huo bado. Mk IV ilifungwa springi ya aina nyingine na tabia hiyo ikapungua sana. Kwa mtoto wangu mwenyewe ningesema: MGB, au Spitfire ya kuanzia Mk IV. Nyingine zisubiri. Spitfire zote zina maungio ya mbele yanayobeba magurudumu, na hayo hutiwa oili nzito ya gia, si grisi. Grisi haifiki panapotakiwa, kutu inaingia, na maungio yakikatika gurudumu linalala huku gari linatembea. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Muulize muuzaji anatia nini hapo; jibu lake litakuambia namna alivyolitunza gari lote.

Sheria zisiwalegeze. Uingereza kwenyewe, tangu Mei 2018, gari lenye zaidi ya miaka 40 ambalo halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa halilazimiki kupita ukaguzi wa kila mwaka. Lakini mwenye gari anabaki na wajibu wa kuhakikisha liko salama kila linapoingia barabarani. Mimi namshauri kila kijana alipeleke kukaguliwa kwa hiari kila mwaka. Macho ya fundi mwingine yanaona yale ambayo mapenzi yako yanafunika. Bima nayo, iulizie kabla ya kulipa hata senti. Kampuni nyingi za bima ya magari ya zamani zina masharti ya umri wa dereva na ya umbali wa kutembea kwa mwaka.

Petroli imebadilika pia. Injini hizi zilizaliwa wakati petroli ina madini ya risasi, na risasi hiyo ilikuwa inakinga viti vya valvu, yaani pale valvu zinapokaa zikifunga. Uingereza iliacha kuuza petroli hiyo kwa umma mwaka 2000. Uliza kama silinda hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, imeshawekewa viti vigumu vya valvu. Kama bado, pima nafasi ya valvu mara kwa mara. Ikiwa inazidi kupungua, kiti kinaliwa, na hedi itahitaji kufunguliwa. Tangu 2021 petroli ya kawaida kule ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo hula mipira ya zamani. Mipira ya petroli iwe ya aina inayohimili ethanoli, na kila ukifungua boneti, nusa. Harufu ya petroli haipuuzwi.

Vifaa si vingi. Spana za inchi, kwa sababu nati nyingi za magari haya ni za vipimo vya inchi na spana ya milimita itazila. Stendi za kuegemezea gari, za uhakika: hakuna kazi, hata ya dakika mbili, inayoruhusu mtu aingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki pekee. Hilo wazazi mlisimamie kwa ukali. Fila geji, taa ya taiming, kipima umeme, kitabu cha ufundi cha modeli yenyewe, kizimamoto. Na katika fedha ulizotenga, theluthi moja isiguswe siku ya kununua. Hiyo ni ya mipira, tairi, breki na yale ambayo bado hujayaona.

Miezi ya mwanzo usilitegemee kukupeleka kazini. Zunguka nalo karibu, rudi, fungua boneti, tazama palipolowa, kaza palipolegea, andika. Ongeza umbali kadiri daftari linavyoonyesha kwamba mambo yametulia. Mzazi mwenye nafasi ashike tochi. Sisemi ashike spana, atamsumbua mtoto. Ashike tochi tu, aulize kinachofanyika, na asikilize kijana akimweleza.

Nimemaliza yangu. Nitapokea maswali, nikianza na akina mama, kisha anayetaka kujifunza kupima pointi asogee hapa mbele na distribyuta hii tuifungue pamoja.